Afya ya akili shuleni: Nani hulipa, na mzazi abishe mlango gani?

Mzazi anaitwa shuleni. Binti yake wa Gredi ya 8, aliyekuwa akifanya vizuri darasani, sasa hali chakula cha mchana, hachezi na wenzake na mara mbili amepatikana akilia chooni. Mwalimu anamwambia mzazi kwa upole, "Mama, mtafutie mtoto mshauri." Mama anashuka barabara kurudi nyumbani Kangemi akiwa na maswali mawili: mshauri huyo yuko wapi, na ni nani atamlipa?

Mfano huu tumeutunga, lakini maswali yake ni ya kweli, na hayamhusu mzazi wa Kangemi peke yake. Mzazi wa Kawangware, Waithaka, Westlands au wa katikati ya jiji anaweza kujikuta papo hapo. Makala haya yanaeleza fedha za afya ya akili ya wanafunzi zinatoka wapi, zinapitia ofisi gani, na wewe mkazi unaweza kufanya nini ili zimfikie mtoto.

Jibu fupi ni hili: hakuna hazina moja iliyotengewa kazi hiyo. Kuna mifuko minne tofauti, kila mmoja na mwenyewe. Anayejua mfuko upi unalipia nini atazunguka kidogo kuliko asiyejua.

Tatizo lina ukubwa gani?

Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla mtu hajafikisha umri wa miaka 14. Kwa hesabu ya shule zetu, huo ni umri wa mtoto aliye sekondari msingi.

Hapa Kenya, utafiti wa kitaifa kuhusu vijana wa miaka 10 hadi 17, ulioongozwa na kituo cha APHRC chenye makao yake Nairobi na kutolewa mwaka 2022, uligundua kuwa takriban asilimia 44 walikuwa wamepitia tatizo la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia. Takriban asilimia 12 walikuwa na hali iliyofikia kiwango cha ugonjwa.

Tofauti kati ya takwimu hizo mbili ni muhimu kwa anayepanga bajeti. Katika darasa la watoto 50, takwimu ya kwanza ni sawa na watoto wapatao 22, na ya pili ni sawa na watoto 6. Wengi wa wale 22 hawahitaji daktari wala dawa. Wanahitaji mtu mzima aliyefunzwa, mwenye muda wa kuwasikiliza, na mahali pa faragha pa kukaa naye. Wale 6 wanahitaji mhudumu wa afya. Mahitaji ya kwanza yako shuleni na ya pili yako kituoni, na hapo ndipo suala la fedha linapogawanyika.

Darasa ni la serikali kuu, kliniki ni ya kaunti

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liligawa kazi kati ya serikali mbili. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali kuu. Serikali ya kaunti ilipewa shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya mitaani. Kwa upande wa afya, kaunti ndiyo inayosimamia zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, huku serikali kuu ikibaki na sera na hospitali za rufaa za kitaifa.

Kwa hiyo yule binti wa Kangemi anapokaa darasani yuko chini ya Wizara ya Elimu. Mwalimu wake ameajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Akivuka barabara kuingia Kituo cha Afya cha Kangemi, yuko mikononi mwa kaunti. Ikibidi alazwe katika Hospitali ya Mathari, amerudi tena kwa serikali kuu. Mtoto ni yuleyule, lakini anayelipa amebadilika mara mbili.

Wakazi wengi huuliza kwa nini kaunti isiajiri tu washauri na kuwapeleka katika kila shule ya msingi na sekondari. Sheria hairuhusu jambo hilo lifanyike hivihivi. Kifungu cha 187 cha Katiba kinataka serikali moja ikifanya kazi ya nyingine, pawe na makubaliano rasmi. Mnamo Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, alizikumbusha kaunti zote jambo hilo kwa waraka uliohusu basari, na suala hilo likafika mahakamani. Fedha za umma zikitoka bila makubaliano hayo, malipo yanaweza kusimamishwa katikati ya mwaka, na mtoto aliyeanza kusaidiwa akaachwa njiani.

Hilo halimaanishi kwamba serikali hizi mbili haziwezi kushirikiana. Wahudumu wa afya ya jamii, wanaotembea nyumba kwa nyumba, hulipwa marupurupu ya Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Mpango wa Dishi na County, ulioanza mwaka 2023, huwapa chakula wanafunzi wa chekechea na wa shule za msingi za umma, na mzazi akachangia Sh5 kwa mlo. Ikiwa sahani ya chakula imeweza kuvuka mpaka kati ya kaunti na darasa la serikali kuu, huduma ya ushauri nasaha pia inaweza. Kinachohitajika ni makubaliano na kifungu cha bajeti.

Mfuko wa kwanza: mgao wa Wizara ya Elimu

Serikali kuu hutenga fedha kwa kila mwanafunzi wa shule ya umma. Viwango vilivyowekwa ni Sh1,420 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa shule ya msingi, Sh15,042 kwa wa sekondari msingi na Sh22,244 kwa wa sekondari ya kutwa. Fedha hizo hugawanywa katika mafungu kama vifaa vya masomo, ukarabati, maji na umeme, na michezo. Wakati mwingine huchelewa kufika, na mwalimu mkuu hulazimika kuanza na yale yasiyoweza kungoja.

Ushauri nasaha kwa kawaida hutegemea mwalimu, si fungu la fedha. Mwalimu wa ushauri nasaha ni mwalimu wa kawaida aliyekabidhiwa kazi hiyo juu ya vipindi vyake. Anafundisha, anasahihisha madaftari, kisha anatafuta nafasi wakati wa mapumziko ya kumsikiliza mtoto aliyefiwa au anayeonewa na wenzake. Mshahara wake umelipwa na TSC, lakini muda wake wa kusikiliza haujalipiwa na yeyote.

Jambo hili si geni. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na mwaka huohuo jopokazi lililoongozwa na Naomy Wangai, lililochunguza vurugu za wanafunzi, lilipendekeza ushauri nasaha uimarishwe. Viboko viliondolewa kwa agizo. Kuweka mshauri mahali pake kulihitaji fedha, na ndiyo sehemu ambayo bado inasubiri.

Mzazi afahamu pia kwamba shule ya umma haiwezi kuanzisha mchango wa lazima wa ushauri nasaha kwa uamuzi wake yenyewe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka ada yoyote ya ziada iidhinishwe na Waziri kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, na mtoto asifukuzwe kwa kukosa kuilipa.

Mfuko wa pili: bajeti ya afya ya kaunti

Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili, yaliyotiwa saini Juni 2022, yaliipa kila serikali ya kaunti wajibu wa kutoa huduma za afya ya akili, na yakaagiza kila kaunti iwe na Baraza la Afya ya Akili. Kabla ya hapo, mtu akisikia "afya ya akili" aliwaza Mathari tu, hospitali iliyokuwepo tangu 1910. Sheria mpya ilitaka huduma ianze karibu na nyumbani.

Bajeti ya afya ya kaunti hulipa mishahara ya wauguzi, maafisa wa kliniki na washauri walio katika vituo vyetu, pamoja na dawa na uendeshaji. Vilevile, Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya 2023 inaruhusu hospitali na vituo vya umma kubaki na mapato vinavyokusanya badala ya kuyapeleka yote kwenye hazina ya kaunti. Kituo kinaweza kutumia sehemu ya mapato hayo kutenga chumba cha faragha kwa ajili ya vijana au kugharamia ziara za muuguzi katika shule jirani, mradi yawe yamo katika mpango wake wa kazi.

Hapa kuna jambo ambalo mkazi anafaa kulijua waziwazi. Bajeti ya kaunti hupangwa kwa programu kubwa, kama tiba, kinga na usimamizi. Huduma ya afya ya akili ikimezwa ndani ya programu hizo bila kutajwa kwa jina, si rahisi kwa mkazi, wala kwa MCA wake, kujua imepata shilingi ngapi na imetumia ngapi. Fungu lisilo na jina huwa la kwanza kupunguzwa fedha zinapopungua. Kutaja huduma kwa jina katika bajeti ndiyo hatua ya kwanza ya kuilinda.

Mfuko wa tatu: SHA

Wanafunzi wa sekondari za umma waliwahi kuwa na bima yao, EduAfya, iliyoanza mwaka 2018 na kusitishwa mwishoni mwa 2023. Kadi hiyo haitumiki tena. Tangu Oktoba 2024 mtoto anahudumiwa kupitia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, akiwa amesajiliwa kama tegemezi wa mzazi au mlezi wake.

Kuna tofauti moja inayowachanganya wengi. Huduma za msingi katika zahanati na kituo cha afya, yaani kiwango cha 2 na cha 3, hulipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi inayofadhiliwa na serikali. Huko unatakiwa uwe umejisajili tu. Katika hospitali za kiwango cha 4 kwenda juu hutumika Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii, na hapo lazima mchango wa mzazi uwe umelipwa. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Asiye na mshahara hukadiriwa uwezo wake, na kiwango cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi.

Kwa yule mama wa Kangemi, maana yake ni kwamba aanze kituoni, asiende hospitali kubwa moja kwa moja. Mazungumzo ya kwanza na uchunguzi wa kwanza havipaswi kumtoa pesa mfukoni. Na kabla ya kumpeleka binti yake, ahakikishe jina la mtoto limo katika usajili wake. Anaweza kupiga *147# au kumwomba mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wake amsaidie.

Mfuko wa nne: wahisani

Baadhi ya shule hupata huduma kutoka kwa mashirika. Mfano unaojulikana vizuri ni wa Taasisi ya Shamiri, iliyoanzishwa na Mkenya Tom Osborn. Badala ya kungoja madaktari wa akili, ambao ni wachache nchini, Shamiri hufunza vijana waliomaliza sekondari karibuni, nao huketi na wanafunzi katika vikundi kwa vipindi vinne vya saa moja. Huzungumza juu ya kujiendeleza, shukrani na maadili ya mtu binafsi. Utafiti uliohusisha wanafunzi 413 wa sekondari nne za Nairobi na Kiambu, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa dalili za huzuni na wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliopitia vipindi hivyo kuliko kwa waliofunzwa mbinu za kusoma.

Funzo kwa serikali ni kwamba huduma ya kwanza kwa wanafunzi wengi haihitaji jengo jipya wala mashine. Inahitaji watu waliofunzwa na usimamizi mzuri. Hata hivyo, fedha za wahisani zina mwisho. Mradi ukiisha, shule inabaki na mabango ukutani. Ndiyo maana mfuko huu unafaa kuonyesha njia, si kuwa tegemeo.

Shule inayomleta mshauri kutoka nje ihakikishe amesajiliwa chini ya Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014. Na anayoyasema mtoto ni siri: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, hivyo hazifai kusomwa kwenye kikao cha walimu wala kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi.

Pale ambapo hatuna wa kumtazama

Katika shule za chekechea za umma na vyuo vya ufundi vya kaunti, darasa ni letu na kliniki ni yetu. Hakuna makubaliano ya kusubiri. Kijana wa miaka 18 anayejifunza useremala au ushonaji, pengine aliyeacha shule kwa kukosa karo au kwa ujauzito, ana haki ya mshauri kama mwenzake wa sekondari. Mwalimu wa chekechea ndiye mtu wa kwanza nje ya familia anayeweza kuona kwamba mtoto amepigwa, amenyamaza ghafla au haoni usingizi. Mkazi anayetaka kuipima kaunti yake kuhusu jambo hili aanzie hapa, kwa sababu hapa jukumu ni la kaunti peke yake.

Mtoto akihitaji msaada sasa

Fuata hatua hizi:

1. Zungumza na mwalimu wa darasa na mwalimu wa ushauri nasaha. Waombe wakueleze walichokiona kwa matendo: tangu lini, mara ngapi, wakati gani.

2. Mpeleke mtoto katika kituo cha afya kilicho karibu. Upande wa magharibi kuna vituo vya Kangemi, Riruta, Waithaka na Westlands. Katikati ya jiji kuna Kituo cha Afya cha Ngaira. Sema wazi kuwa umekuja kwa suala la afya ya akili.

3. Hali ikizidi uwezo wa kituo, omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya kaunti kama Mutuini au Mbagathi. Mathari hupokea wanaohitaji matibabu ya kitaalamu au kulazwa.

4. Mtoto akisema anataka kufa, au amejaribu kujidhuru, usimwache peke yake na usingoje miadi. Mpeleke hospitali mara moja. Usizuiwe na hofu ya polisi: tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, ni kinyume cha Katiba. Huyo ni mgonjwa, si mhalifu.

Simu zisizotozwa: 116 ni ya watoto, na mtoto anaweza kuipiga mwenyewe. 1199 ni ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. 1192 ni ya NACADA, kwa masuala ya pombe na mihadarati.

Sauti yako katika bajeti

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini maamuzi hufanywa mapema zaidi. Anayefika Juni kudai fungu jipya amekuta chakula kimeshapakuliwa. Weka tarehe hizi za Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma:

Septemba 1: Mpango wa maendeleo wa mwaka unawasilishwa katika Bunge la Kaunti. Jambo lisilotajwa humo ni vigumu kuingia baadaye.

Februari 28: Taarifa ya Mkakati wa Fedha inawasilishwa. Hapa kila idara huwekewa kiwango chake.

Aprili 30: Makadirio ya bajeti yanafika bungeni. Wakazi hualikwa kutoa maoni.

Juni 30: Bajeti inapaswa iwe imepitishwa.

Ukija kwenye kikao cha maoni ya umma, au ukiandika, omba jambo moja linaloweza kupimwa. "Tunaomba afya ya akili ishughulikiwe" ni ombi ambalo afisa yeyote atalikubali na kulisahau. Ombi lenye uzito ni kama haya: huduma ya afya ya akili ya watoto na vijana itajwe kwa jina katika bajeti ya afya, pamoja na kiasi chake, kila kituo cha afya kiwe na siku maalumu ya kutembelea shule jirani, vyuo vyote vya ufundi vya kaunti viwe na mshauri aliyesajiliwa, kaunti na Wizara ya Elimu ziandikiane makubaliano kuhusu shule za msingi na sekondari. Bodi ya Elimu ya Kaunti, ambamo serikali zote mbili zina wawakilishi, ni mahali pazuri pa kupeleka ombi hilo la mwisho.

Ukitaka kujua fedha zilizotengwa zilitumikaje, una haki ya kuuliza kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Haki hiyo inatuhusu sisi wa kaunti pia.

Tumezoea kuona washauri wakipelekwa shuleni baada ya moto, mafuriko au msiba. Huwa wanakuja kwa nia njema, hukaa siku chache, kisha huondoka. Yule binti wa Gredi ya 8 hajapatwa na msiba wa kutangazwa redioni. Anahitaji mtu wa kumsikiliza Jumanne ya kawaida, katikati ya muhula, na mtu huyo atakuwepo tu ikiwa mshahara wake uliandikwa kwenye bajeti mwaka mmoja kabla.